Mama Alilikata Neno "Naomba"

Mama alinyoosha mkono nimpe peni. Akavaa miwani, akaisoma barua mstari kwa mstari huku midomo ikimchezacheza, na alipofika aya ya pili akasita. Akakata neno moja. Hakulichorachora kwa hasira. Alilipitishia mstari ulionyooka, kama anavyokata jina la mtu aliyekwisha kulipa kwenye daftari lake la mkopo wa vitenge, akaweka na alama ndogo ndogo juu yake ambazo sikuzitilia maanani.

Neno lenyewe lilikuwa "naomba".

Tulikuwa barazani kwake Jang'ombe, baada ya sala ya Alasiri. Ilikuwa barua ya nne kuhusu mafao ya marehemu baba. Waliopita njia hii hawahitaji kuelezwa: cheti cha ndoa kina herufi moja ambayo haimo kwenye kitambulisho, faili limehamishwa, aliyekuwa akilishughulikia yuko likizo, njoo Jumatatu. Nilivuka kutoka Dar kwa boti ya asubuhi kwa ajili ya barua hiyo tu, nikaiandika kama zinavyoandikwa zote. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mjane wa marehemu. Kwa heshima na taadhima naomba afisi yako tukufu inifikirie.

"Inifikirie nini?" mama akauliza.

"Mama, ndivyo zinavyoandikwa."

"Baba yako alikatwa kila mwezi, miaka 31. Mie nikikaa naye hapa tukipiga hesabu, nikijua mwezi huu kimekwenda kiasi gani. Leo naomba? Nimwombe nani fedha ya mume wangu?"

Nikamweleza kwamba ukiandika "nadai" barua inalala chini ya rundo. Kwamba walioko dirishani nao ni binadamu, wanapenda kuheshimiwa. Nilisema mengi. Mama akavua miwani.

"Haya mwanangu. Wewe ndiwe uliyesoma."

Nikaiandika upya, na "naomba" yake mahali pale pale. Akatia saini bila ya kuisoma.

Ni wiki ya saba sasa, na saini ile haijanitoka machoni.

## Mkono uliojifunza kwa siri

Boti ya kurudi ilichelewa siku ile. Nikakaa Forodhani, nimelielekea Kasri, jumba la masultani, na kwa mara ya kwanza tangu skuli nikamfikiria Sayyida Salme kwa utulivu.

Hadithi yake mnaijua. Mimi niliipokea kama hadithi ya mapenzi: binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja na Muscat; mfanyabiashara wa Kijerumani nyumba ya jirani, maneno ya darini, usiku wa Mwaka Kogwa wa Agosti 1866 wanawake wakiwa pwani wanakoga, manowari ya Kiingereza hadi Aden, ubatizo, ndoa, jina la Emily Ruete. Hapo msimulizi hufunga.

Lakini mapenzi yale yalipata miaka minne tu. Agosti 1870 mumewe aligongwa na tramu mjini Hamburg, akafa. Salme alikuwa na umri wa miaka 25 na watoto watatu, wa mwisho hajatimiza nusu mwaka. Sheria za huko hazikumwachia mjane usimamizi peke yake. Wakawekwa wanaume wa kuangalia mali na watoto pamoja naye. Akawa anahama mji hadi mji, akifundisha Kiarabu apate cha kuwalisha wanawe.

Kilichofuata ni zaidi ya miaka 50 ya barua.

Hapa ndipo nilipokwama siku ile, kwa sababu nilikumbuka jinsi alivyojifunza kuandika. Watoto wa kike wa jumba la Mtoni walifundishwa kusoma Kurani; kuandika, hapana. Salme alijifundisha kwa siri, akiiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Alipojulikana alisemwa sana. Kisha, mwaka 1859, kaka yake Barghash akapanga kumpindua Majid aliyekuwa amekalia kiti cha baba yao. Barghash alihitaji mwandishi ndani ya nyumba ya wanawake, mtu ambaye hakuna atakayemshuku. Dada yake wa miaka kama 15 alikuwa anajua kuandika.

Njama ikashindwa, Waingereza wakimsaidia Majid. Barghash akapelekwa Bombay. Salme akabaki, amegombana na nusu ya nduguze kwa ajili ya barua alizomwandikia mtu aliyekwisha ondoka.

Majid alifariki Oktoba 1870, miezi miwili tu baada ya mume wa Salme. Aliyetawazwa ni Barghash. Mjane wa Hamburg lazima alihesabu moyoni: huyu aliyekalia kiti ni yule niliyemwandikia usiku. Akamwandikia tena, safari hii kwa ajili yake mwenyewe na watoto wake.

Barghash hakujibu.

## London, 1875

Kuna kituko kimoja katika kitabu alichochapisha Salme mwaka 1886 ambacho nimekisoma mara nne katika wiki hizi.

Mwaka 1875 Barghash alikwenda Uingereza kwa ziara ya kitaifa. Miaka miwili nyuma alikuwa ametia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, manowari zikiwa nje zinamsubiri, na sasa walitaka kumkirimu. Salme akasikia, akajikusanya, akavuka kwenda London. Kaka yake yupo mji huo huo. Akimwona uso kwa uso, pengine damu itasema.

Aliyemjia kwanza ni Sir Bartle Frere, yule yule aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kwa mazungumzo ya mkataba. Kwa maelezo ya Salme mwenyewe, Frere alimtaka achague: kupatana na kaka yake, au mustakabali wa watoto wake. Akiacha kumwendea Sultani, serikali ya Uingereza itawaangalia watoto. Waingereza hawakutaka mgeni wao audhike.

Akachagua watoto. Ni mama gani angechagua vingine?

Akakaa kimya mji ule ule aliomo kaka yake. Akaandika maelezo yake rasmi kama alivyoelekezwa: mimi ni nani, nimetokea wapi, nina watoto wangapi, nahitaji nini. Barghash akasindikizwa, akaondoka. Baadaye jibu likaja. Kwa kuwa aliolewa na Mjerumani, yeye ni raia wa Ujerumani; aiendee serikali yake.

Nilipofika hapo kwa mara ya kwanza niliwakasirikia Waingereza, basi. Mara ya pili nilimwona Salme amekaa mezani anaandika yale maelezo. Binti wa mtu aliyetawala kutoka Muscat hadi Kilwa anatafuta maneno ya kumweleza karani asiyemjua kwamba yeye ni nani. Kila sentensi lazima imwonyeshe anastahili, na wakati huo huo imwonyeshe mnyonge. Akijikweza mno, ataonekana hana shida. Akijishusha mno, ataonekana si wa ukoo anaodai.

Mstari huo mwembamba naujua. Nimeutembea barazani Jang'ombe na karatasi ya mistari mapajani.

Miaka kumi baadaye Bismarck, kansela wa Ujerumani, alimkumbuka. Agosti 1885 meli za kivita za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Kasri, na Salme yumo katika msafara. Madai yake ya mirathi yalikuwa ya kufaa sana wakati ule: yalimpa Bismarck kisingizio cha kuukaba mkono wa Barghash. Barghash alipokubali yale Wajerumani waliyoyataka bara, madai ya Salme yakakosa mnunuzi. Kaka akatoa kiasi cha fedha ambacho dada alikiona ni dharau, akakikataa. Mwaka 1888 akarudi tena, Barghash amekwisha kufa, na akaondoka mikono mitupu.

## Posho ni chakula cha njiani

Katika makaratasi ya Waingereza fedha za namna hii zilikuwa na jina lake: pensheni ya kisiasa. Mtindo ulitoka India. Kampuni ya East India ilichukua nchi, kisha ikampangia mwenye nchi fedha ya mwaka, na tangu siku hiyo mwenye nchi akawa mwandishi wa barua. Mshairi Ghalib wa Delhi alisafiri hadi Calcutta kudai nyongeza ya pensheni ya jamaa zake, akakaa huko zaidi ya mwaka mmoja akizunguka afisi za Kampuni, na mwishowe madai yakatupwa. Zanzibar ilishughulikiwa kupitia Bombay kwa muda mrefu, kwa hiyo hao hao waliozoea kusoma barua za manawabu, watawala wa India, ndio waliozisoma za huku kwetu.

Sisi hatukuchukua neno lao. Tukasema posho.

Nimelifikiria sana neno hili. Mpagazi aliyebeba pembe kutoka Tabora hadi Bagamoyo alipewa posho. Kenya hadi leo posho ni unga wenyewe. Bara na visiwani ni fedha ya semina na ya safari. Maana haijahama hata kidogo: ni kile unachopewa njiani ili uweze kuendelea kubeba mzigo wa mtu mwingine.

Itazameni familia moja hii tu, ya Sayyid Said. Alipofariki mwaka 1856 baharini karibu na Shelisheli, wanawe wakagombana, Thuwaini Muscat na Majid Unguja. Mwamuzi akawa Lord Canning, gavana mkuu wa Uingereza huko India. Mwaka 1861 alikata shauri: nchi zitengane, na Zanzibar iilipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Baadaye serikali ya India ikajitwika malipo hayo yenyewe, na tangu hapo aliyekalia kiti cha Muscat akajua anapokea kutoka mkono wa nani.

Halafu pwani. Mwaka 1890 Wajerumani waliinunua pwani ya Tanganyika kutoka kwa Sultani kwa marki milioni 4, sawa na pauni 200,000. Fedha ile haikupita mikononi mwa Sultani kama fedha inavyompita mtu aliyeuza. Waingereza waliishika. Mwaka 1895 ilitumika kuinunua tena haki ambayo kampuni ya Kiingereza ilikuwa imepewa juu ya pwani ya Kenya, pwani ya Sultani huyo huyo. Kisha serikali ya Uingereza ikaichukua pwani ile, ikawa inamlipa Sultani pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 za kodi ya pango, na 6,000 za riba ya zile 200,000 zake mwenyewe.

Soma tena taratibu. Mimi ilinichukua muda.

Mwaka uliofuata Khalid bin Barghash aliingia Kasri bila ruhusa ya Waingereza. Mnajua yaliyompata asubuhi ya Agosti 27, 1896, kwa mizinga ya chini ya saa moja. Kisichosemwa sana ni kwamba waliomuunga mkono walitozwa gharama za mizinga iliyowapiga. Khalid mwenyewe aliishi Dar es Salaam chini ya Wajerumani, akakamatwa na Waingereza katika Vita vya Kwanza, akahamishiwa St Helena na Shelisheli, kisha akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki na kufia Mombasa mwaka 1927. Shelisheli ilikuwa imewapokea wengine kabla yake: Kabaka Mwanga wa Buganda, Omukama Kabarega wa Bunyoro, Prempeh wa Asante. Wafalme watu wazima kwenye vilima vya kisiwa kimoja, kila mmoja na posho yake, wakiandika kuomba warudi kwao. Mwanga hakurudi akiwa hai. Kabarega aliruhusiwa mwaka 1923 na akafia Jinja, njiani, kabla ya kuiona Bunyoro.

## Swali la mama

Nilimpigia mama simu nimsimulie haya. Nilikuwa nimeshawaka. Nikamsomea kisa cha London, nikamwambia, unaona mama, ulikuwa na haki kulikata lile neno, Bibi Salme aliombeshwa kilicho chake.

Mama akakaa kimya kidogo.

"Na chake kilitoka wapi?"

Nikamwambia, mirathi. Kwa baba yake alipata shamba lenye nyumba na fedha za kiasi cha pauni 5,000 na zaidi. Kwa mama yake mashamba matatu.

"Mashamba ya nini?"

Ya karafuu na minazi, mama.

"Nani akipanda juu ya mikarafuu?"

Bibi yake mama, mzaa mama yake, alikuja Unguja kwa jahazi kutoka Kilwa, naye hakulipa nauli. Nyumbani halisemwi zaidi ya hivyo. Anasemwa kwa jina la ukoo uliomnunua, jina ambalo mama bado analitumia kwenye kitambulisho chake, na nadhani ile herufi moja isiyolingana na cheti cha ndoa ni kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na uhakika wa jinsi ya kuliandika.

Kwa wiki nzima sikuweza kuendelea na makala hii.

Salme aliutetea utumwa katika kitabu chake. Aliandika kwamba Wazungu hawaelewi, kwamba watumwa wa kwao walitendewa vyema, kwamba kuwaacha huru kwa haraka ni kuwadhuru. Aliyaandika haya mtoto wa Jilfidan, mwanamke wa Kicherkezi aliyenyakuliwa utotoni na kuuzwa, akawa suria wa Sayyid Said. Mama yake mwenyewe alikuwa bidhaa. Nimejaribu kumtetea: alikuwa amezaliwa ndani ya hali ile, alikuwa na uchungu na Ulaya. Utetezi haukai. Alikuwa na kalamu, tena kalamu aliyoiiba, na watu waliomlisha hawakupata mstari mmoja wa kuwaombea.

Basi nikatafuta: wao waliombaje?

Amri ya Sultani Hamud ilitoka Aprili 6, 1897. Tulifundishwa kwamba siku hiyo utumwa uliondolewa Unguja na Pemba. Ukweli ni kwamba amri haikumwacha huru mtu yeyote kwa siku hiyo. Ilisema mahakama hazitautambua tena utumwa, na mtumwa anayetaka uhuru wake aende mwenyewe mahakamani akauombe. Aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujikimu, la sivyo ni mzururaji. Masuria hawakuhesabiwa kabisa, isipokuwa walioteswa. Wakachukuliwa kuwa ni kama wake, na wakasubiri hadi 1909.

Na fidia ilikuwepo. Alilipwa bwana.

Fikirieni mtu anatoka shamba la ndani kule Pemba, anatembea hadi mahakamani, anasimama mbele ya liwali Mwarabu na afisa wa Kiingereza, anaulizwa jina lake, bwana wake, utakaa wapi ukiachwa. Hana cheti. Hana herufi ya kulinganisha. Anaomba apewe mwili wake. Akikubaliwa, karani anaandika kiasi cha fedha mbele ya jina la aliyekuwa akimmiliki.

Bibi wa mama yangu hakwenda. Zaidi ya jahazi lile, hilo tu ndilo ninalojua juu yake, na nililijua wiki hii, kwa simu. Nilimuuliza mama kwa nini hakwenda. Mama akasema, "Alisema hawezi kuomba kilicho chake."

Mikono ikanifa ganzi.

## Naomba maji

Kwa hiyo si neno dogo pale nyumbani. Nilikuwa nimedhani mama anagombana na afisi.

Bado nilikuwa na shaka, na shaka yangu si ya kipuuzi. Kiswahili chetu kimejaa "naomba". Naomba maji. Naomba kupita. Naomba chenji yangu, unamwambia konda, na ile chenji ni yako kabisa. Tukiliondoa neno hili tutakuwa watu wa kufokeana. Hata Waingereza barua zao za serikali walizimalizia kwa "mimi mtumishi wako mtiifu", gavana akimwandikia waziri, waziri akimwandikia gavana, na hakuna aliyejiona mtumishi wa mwenzake. Kama ni adabu tu, kwa nini tuifanye jeraha?

Nadhani jibu nililiona kwenye foleni ya maji, mtaani kwangu Dar, pampu ilipoharibika. Jirani yangu akaja na ndoo: "Naomba maji, dada." Nikampa. Juzi yake nilikuwa kwake mimi, na ndoo, na maneno yale yale. Neno lilikuwa linakwenda na kurudi. Gavana na waziri nao, lilikuwa linakwenda na kurudi. Salme alipoandika, lilikwenda. Aliyekwenda mahakamani Pemba, lilikwenda. Barua nne za mama zimekwenda, na hakuna mtu upande ule aliyewahi kumwambia mama "tunaomba radhi kwa kuchelewa".

Na kuna jambo la pili, gumu zaidi, ambalo limenisumbua kuliko yote. Barghash alikuwa na hoja. Katika fiqhi niliyofundishwa chuoni, aliyetoka katika dini harithi kwa Mwislamu. Salme alibatizwa Mei 1867, na ndugu ambao alidai fungu lake kwao walifariki baada ya hapo. Kadhi yeyote wa Unguja angesimama na Sultani. Kwa hiyo kilichokuwa haki yake kwa damu hakikuwa haki yake kwa sheria aliyozaliwa nayo, na kilichobaki kilikuwa hisani: kaka anaweza kumpa dada kitu kwa sababu ni dada. Barghash alikuwa na uwezo wa hisani. Dada alikuwa na uwezo wa kuipokea. Aliikataa kwa sababu ilikuja kama sadaka wakati yeye alikuja kwa fungu lake, na nikimwangalia mama yangu akivua miwani, namwelewa kuliko ninavyotaka kumwelewa.

Alihamia Jaffa, kisha Beirut, akakaa huko hadi mwaka wa vita, 1914. Mwanawe Rudolph akaendelea kufuatilia. Mwishoni kabisa, miaka ya 1920, Ujerumani imeshindwa vita na fedha yake haina thamani, serikali ya Zanzibar iliyokuwa mikononi mwa Waingereza ikakubali kumpa bibi kizee posho ndogo ya mwaka. Aliipokea kwa muda mfupi. Alifariki mjini Jena Februari 29, 1924, umri miaka 79, na akazikwa Hamburg pamoja na mchanga kidogo wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi.

Mchanga huo hakuuomba kwa mtu. Aliuchota.

## Bahasha ya kaki

Ijumaa iliyopita nilivuka tena. Sikumwambia mama nakuja kwa ajili ya nini. Tulikula, akanisema kwa kukonda, na jua lilipopoa nikamwomba ile bahasha ya kaki anayoweka karatasi za baba.

Anaiweka chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Mnamo hati za mshahara za baba, nyingine zimefifia wino hadi zimebaki na mistari tu, mama amezipanga kwa miaka. Kiinua mgongo alichoahidiwa kimeandikwa kwa mkono wa baba nyuma ya mojawapo, na hesabu mbili za kujumlisha, moja imekatwa. Nikaikuta na ile nakala ya kwanza ya barua yangu, ile aliyoikata neno. Nilidhani imetupwa.

Nikaitandaza mapajani. Mstari juu ya "naomba" ulikuwa pale. Juu yake zikawa zile alama ndogo ndogo nilizoziona bila ya kuziona.

Zilikuwa herufi za Kiarabu.

Mama hakusoma skuli kwa muda mrefu. Alisoma chuoni, na wanawake wa rika lake waliosoma chuoni, mambo ya nyumbani huyaandika Kiswahili kwa herufi hizo: madeni ya vitenge, majina ya waliotoa mchango wa msiba. Mimi nina digrii, na kwa wiki saba nilidhani ni mikwaruzo. Nilianza kuzisoma kwa kidole, kutoka kulia, kama mtoto. Nun. Alifu. Kafu.

Nakumbusha.

Hakuwa ameandika "nadai". Ugomvi ule wote nilioufanya barazani, wa "nadai" na "naomba", niliufanya peke yangu.

"Mbona hukunambia?" nikamuuliza.

"Niliandika," mama akasema. "Ukawa unasema."

Nikatoa karatasi mpya. Nikaandika tarehe, anuani, husika na kichwa cha habari hapo juu. Nikaandika miaka 31, na mwezi ambao makato yalianza, kutoka kwenye hati ya mwanzo kabisa iliyo chini ya rundo. Nilipofika aya ya pili nikaandika: Nakumbusha afisi yako kwamba. Nikaimaliza. Nikampa.

Akavaa miwani. Akaisoma yote, midomo ikimchezacheza, akarudi juu, akaweka kidole kwenye jina lake.

"Hapa umeliandika kama lilivyo kwenye kitambulisho."

"Ndilo wanalolitaka, mama."

"Liandike na hilo la kwenye cheti. Yote mawili yangu."

Nikaliongeza pembeni. Akaisoma tena tangu mwanzo, adhana ya Magharibi ikaanza, akasubiri hadi ikaisha, ndipo akanyoosha mkono nimpe peni.